Mwiba, Punje Nyeusi na Miaka 175 ya Kungoja

Ugonjwa huu huanza na jambo ambalo mkulima wa nchi kame halihesabu kuwa tukio. Anatembea pekupeku au kwa ndala zilizolika, mwiba wa mgunga unamchoma, anaketi, anauchomoa, anaendelea na safari. Kidonda kinapona. Inapita miezi, pengine miaka, ndipo kinajitokeza kivimbe kigumu chini ya ngozi, karibu na pale mwiba ulipoingia. Hakiumi. Kutouma huko ndiko kulikowaponza wengi, maana mtu mwenye shamba la kupalilia na mbuzi wa kuchunga hapotezi siku nzima njiani kwenda hospitali kwa ajili ya kitu kisichouma.

Kivimbe hukua polepole. Ngozi iliyo juu yake hunyooka na kung'aa, kisha hutoboka. Tundu moja linatoa majimaji na kufunga, jingine linafunguka kando yake, halafu la tatu, mpaka unyayo unakuwa na matundu kila upande. Ukiuchukua usaha huo kwa kipande cha shashi na kuusuuza kwa maji, juu ya shashi zinabaki punje ndogo, ngumu, nyeusi tii, mfano wa mbegu za mchicha. Kila punje ni kuvu hai. Nyuzi zake zimesukana na kugandamana kwa gundi yenye melanini, rangi ya jamii moja na ile inayoipa ngozi na nywele zetu weusi wake, na ndani ya gundi hiyo kuvu inajikinga. Chembe za kinga za mwili huizunguka zisiweze kuivunja. Dawa nazo hupenya kwa taabu. Huku nje mgonjwa anaona uvimbe tu, ndani mifupa ya mguu imeshatobolewa. Baada ya miaka kumi hivi mguu haukubali kiatu chochote, na daktari anayeuona kwa mara ya kwanza mara nyingi hana la kutoa ila msumeno.

Wataalamu wanauita maisetoma. Hauambukizwi kutoka mtu hadi mtu. Chanzo chake ni ukungu unaoishi udongoni, na vilevile bakteria fulani wa udongoni wanaofanya madhara yanayofanana mno na ya ukungu huo. Umeenea katika ukanda mpana wa nchi za joto na ukame: India, Yemeni, Sudan, Chadi, Senegali, Ethiopia, Somalia, kaskazini mwa Kenya, mpaka Meksiko na Venezuela. Naisimulia historia yake kwa sababu sijui ugonjwa mwingine unaoonyesha waziwazi hivi jinsi umaskini wa mgonjwa unavyoweza kuchelewesha elimu yenyewe, achilia mbali tiba.

Katika maandishi ya tiba ya Kizungu ulielezwa mwaka 1842 na John Gill, daktari wa zahanati ya Madurai, mji wa kale wa Watamil kusini mwa India. Miaka minne baadaye daktari mwingine, Godfrey, akaeleza wagonjwa wa Bellary. Wenyeji hawakuwa na haja ya kuelezwa; walikuwa wakiuona vijijini vizazi na vizazi, na walijua kwamba huwapata watu wa shamba. Wazungu wakauita mguu wa Madura, na jina hilo linatumika hadi leo hata kwa mgonjwa wa Sudan au Meksiko ambaye hajapata kuisikia Madurai. Chanzo chake hawakukijua. Wengine walidhani ni kifua kikuu cha mfupa. Tiba yao ilikuwa moja, kukata mguu, na kabla ya mwaka 1846 walikuwa wakiukata bila nusukaputi.

Aliyelichukua jambo hili kwa uzito wake ni Henry Vandyke Carter. Alizaliwa Hull, Uingereza, mwaka 1831, baba yake akiwa mchoraji wa rangi za maji, na yeye mwenyewe alikuwa na mkono wa uchoraji pamoja na elimu ya udaktari. Mwanafunzi yeyote wa udaktari amewahi kuiona kazi yake, hata kama hakumfahamu kwa jina: ndiye aliyechora picha zote za kitabu cha anatomia cha Henry Gray kilichotoka mwaka 1858. Picha hizo ndizo zilizokifanya kitabu kipendwe, lakini Gray ndiye aliyebaki na jina na mapato ya kila chapa. Kitabu kilipotoka, Carter alikuwa ameshaondoka Uingereza. Alikwenda Bombay kuwa daktari wa serikali na mwalimu wa anatomia katika Chuo cha Tiba cha Grant.

Hospitali iliyokuwa pamoja na chuo hicho ilipokea wakulima kutoka bara, na baadhi yao walikatwa miguu kwa sababu ya ugonjwa huu. Kwa kawaida mguu uliokatwa ulifukiwa, na habari yake ikaishia hapo. Carter aliichukua miguu ile. Aliipasua kwa urefu, kuanzia kisigino mpaka vidoleni, akaichora ndani yake: mifupa iliyoliwa ikabaki na mashimo ya duara, yenye kuta laini, na ndani ya kila shimo pumba nyeusi iliyojaa sawasawa. Katika miguu mingine pumba hizo zilikuwa za manjano au nyeupe kama mayai ya samaki. Alizigawa katika makundi mawili kwa rangi, nyeusi na zilizopauka, na akashikilia kwamba mgawanyo huo una maana ingawa hakuweza kuieleza. Kisha akaweka punje chini ya hadubini, na mle akaona nyuzi.

Mwaka 1860 aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Bombay kwamba huu ni ugonjwa wa kuvu. Tukumbuke wakati wenyewe. Louis Pasteur alikuwa bado anabishana na watu walioamini kwamba vijidudu hujizua vyenyewe katika uozo, na Robert Koch alikuwa kijana wa miaka 16. Kusema kwamba kiumbe kutoka nje, tena cha jamii ya ukungu, kimeingia ndani kabisa ya mguu wa mtu na kula mfupa kulihitaji ujasiri. Carter alikuwa nao, na ndiye aliyeupa ugonjwa jina la maisetoma.

Baada ya hapo akateleza, na kuteleza kwake ni sehemu ya historia hii ninayoipenda kuliko zote. Carter alitaka kuiotesha kuvu nje ya mwili, kwa kuwa kuiona ndani ya punje hakukumridhisha. Hapakuwa na njia ya kupata zao safi. Sahani za kuoteshea vijidudu zilikuwa hazijabuniwa. Aliacha vipande vya miguu iliyokatwa katika chupa za maji na pombe, na juu ya baadhi yake ukaota ukungu wa rangi nyekundu ya waridi. Aliufurahia. Aliupeleka Uingereza kwa Miles Joseph Berkeley, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa bingwa mkubwa wa kuvu nchini mwake, mtu aliyekuwa tayari ameonyesha kwamba njaa ya viazi ya Ireland ililetwa na ukungu. Berkeley akautambua kuwa aina mpya na akaupa jina la heshima, Chionyphe carteri, ukungu wa Carter.

Ukungu ule wa waridi haukuwa na uhusiano wowote na ugonjwa. Ulikuwa umedondoka kutoka hewani, kama unavyodondoka kwenye mkate au ugali uliolala.

Huko Calcutta walikuwapo madaktari wawili wa jeshi, Timothy Lewis na David Douglas Cunningham, wachunguzi makini waliopewa kazi ya kutafuta chanzo cha kipindupindu. Mwaka 1875, mwaka mmoja baada ya Carter kutoa London kitabu chake kikubwa chenye picha za rangi juu ya ugonjwa huo, wawili hao wakatoa ripoti yao. Waliutafuta ukungu wa waridi katika miguu ya wagonjwa wasiuone. Wakaenda mbali zaidi: kuvu kwa jumla, walisema, haikuwa chanzo, bali ilikuja baadaye juu ya nyama iliyokwisha kuharibika. Walikuwa na haki kuhusu ukungu wa waridi. Kuhusu ugonjwa walikosea, na kosa lao liliungwa mkono na wengi kwa sababu lilionekana kuwa tahadhari.

Carter aliona ukweli kwenye nyama na picha zake ni sahihi hata leo. Daktari wa Khartoum akizitazama anazitambua mara moja. Kilichomwangusha ni chupa. Mimi namhesabu kuwa ameushinda ubishi ule, ingawa hakuishi kuuona ukiisha. Aliendelea na kazi India, akachunguza ukoma na homa ya vipindi, akastaafu mwaka 1888, na akafa kwa kifua kikuu Scarborough mwaka 1897.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, James Homer Wright wa Boston alichukua punje nyeusi kutoka mguu uliokatwa, akaziosha vizuri na kuziotesha, na safari hii kilichoota kilikuwa ni kuvu yenyewe. Kabla yake kidogo, mwaka 1894, Hyacinthe Vincent alikuwa ameotesha kiumbe kutoka punje za rangi iliyopauka za mgonjwa wa Algeria, na kiumbe kile hakikuwa kuvu. Kilikuwa bakteria mwenye nyuzi nyembamba zinazofanana na za kuvu. Hapo ndipo makundi mawili ya rangi ya Carter yalipoanza kupata maana. Punje nyeusi ni kuvu. Zilizopauka mara nyingi ni bakteria, ingawa zipo kuvu chache zenye punje nyeupe. Magonjwa mawili tofauti yalikuwa yakivaa sura moja. Mwaka 1905 Mfaransa Émile Brumpt aliianzishia kuvu ya punje nyeusi jenasi yake yenyewe, Madurella, na mji wa Madurai ukaingia hivyo katika elimu ya viumbe.

Utofautishaji huo wa kuvu na bakteria ulikuja kuwa suala la kufa na kupona la mguu. Dawa za kuua bakteria zilipopatikana katikati ya karne ya 20, wagonjwa wa aina ya bakteria wakaanza kupona kwa vidonge na sindano. Wa kuvu walibaki walipokuwa.

Kuanzia hapa historia inahamia Sudan. Khartoum ilikuwa na maabara za Wellcome, zilizofunguliwa ndani ya Chuo cha Gordon mwanzoni mwa utawala wa Waingereza na Wamisri, na humo Albert Chalmers na Robert Archibald walichapisha mwaka 1916 na miaka iliyofuata mpango wa kuupanga ugonjwa kwa kufuata chanzo chake. Wagonjwa hawakuwa haba. Kati ya Nile ya Bluu na Nile Nyeupe, na magharibi mpaka Kordofan na Darfur, kuna migunga kila mahali. Ua wa nyumba hujengwa kwa matawi yake ya miiba, zizi la mbuzi na ng'ombe hali kadhalika, na watoto hucheza humo pekupeku juu ya samadi. Mwaka 1956, mwaka Sudan ilipojipatia uhuru, daktari aitwaye Abbott alichapisha hesabu yake ya hospitali za nchi: katika muda wa miaka miwili na nusu walikuwa wamelazwa wagonjwa 1,231 wa maisetoma. Hao ni waliolazwa. Waliobaki vijijini na visigino vyao vilivyovimba hakuna aliyewahesabu.

Takwimu kama ile ilistahili kutikisa ulimwengu wa tiba. Haikutikisa kitu. Maisetoma haiui haraka, haisambai kutoka mji hadi mji, haipandi meli, wala haikupata kuwashambulia kwa wingi askari na wafanyabiashara wa mataifa makubwa, ambao kwa ajili yao hasa tiba ya nchi za joto ilianzishwa. Inamchukua kijana wa miaka 15 hadi 30 wa kijiji kisicho na barabara, inamwacha hai, na kumwondolea mguu, ajira na mara nyingi ndoa. Wanaume huugua zaidi ya wanawake, lakini mwanamke anayeugua huumia maradufu, kwa kuwa mume akimwacha hana pa kwenda.

Aliyebadilisha mambo Sudan kwenyewe ni El Sheikh Mahgoub, profesa wa elimu ya vimelea na kuvu katika Chuo Kikuu cha Khartoum. Mwaka 1968 alifungua kliniki ya wagonjwa wa maisetoma peke yao. Ni jambo linaloonekana dogo. Kabla yake, mgonjwa aliingia wodi yoyote ya upasuaji, akakatwa uvimbe, akarudi kwao, uvimbe ukarudi, akaenda hospitali nyingine, akakatwa tena juu zaidi. Hapakuwa na mtu aliyejua habari yake yote. Katika kliniki ya Mahgoub kila mgonjwa alikuwa na faili, punje zake zilipimwa zijulikane ni za nini, na aliitwa arudi. Kwa njia hiyo Mahgoub aliweza kuonyesha katika miaka ya 1970 ni mchanganyiko gani wa dawa unaowaponya wale wa bakteria, na mwaka 1973 yeye na Murray wakatoa kitabu kilichotegemewa na madaktari wa dunia nzima.

Kwa wale wa kuvu alisubiri mpaka miaka ya 1980, dawa ya ketokonazoli ilipopatikana. Yeye na wenzake waliijaribu na uvimbe wa baadhi ya wagonjwa ukasinyaa. Ilitumika miaka mingi Sudan, kwa kipimo kikubwa, kila siku, kwa mwaka na zaidi. Mwaka 2013 wakala wa dawa wa Marekani na wa Ulaya waliitolea onyo kali kwa sababu inaweza kuharibu ini, na madaktari wakahamia itrakonazoli, ambayo ni salama zaidi lakini ni ghali.

Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Khartoum kilianzisha Kituo cha Utafiti wa Maisetoma katika hospitali yake ya Soba, kikiongozwa na daktari wa upasuaji Ahmed Hassan Fahal. Kilikuwa kituo pekee cha namna yake duniani, na baadaye Shirika la Afya Duniani likakitambua kuwa kituo chake shirikishi. Wagonjwa walitoka kila pembe ya Sudan na nchi jirani. Waliwekwa kwenye mashine ya altrasauti, ambapo punje huonekana kama vidoa vyenye kung'aa ndani ya mifuko ya uvimbe, na Fahal ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba kwa kipimo hicho rahisi mtu anaweza kutofautisha kuvu na bakteria na kujua uvimbe umefika wapi. Kituo hakikuishia mjini. Wafanyakazi wake walikwenda kwenye vijiji vya jimbo la Sennar, pamoja na Wad Onsa, wakafanya upasuaji huko huko ili mgonjwa asifunge safari.

Kituo kilifanya jambo jingine ambalo hospitali nyingi huliogopa: kilichapisha matokeo yake kama yalivyo. Kati ya wagonjwa wake wa kuvu waliofuatiliwa tangu mwaka 1991 hadi 2009, karibu robo tu ndio waliopona. Zaidi ya nusu waliacha kuhudhuria. Nilipozisoma takwimu hizo kwa mara ya kwanza nilizirudia, kwa sababu zinatoka mahali bora kabisa duniani pa kutibiwa ugonjwa huu. Nusu ile iliyopotea ina maelezo yake. Dawa inamezwa vidonge vinne kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta, kwa miezi isiyopungua kumi na miwili, na mwenye kuinunua ni mkulima. Pesa ikiisha dawa inaisha, na anayejua kwamba ataambiwa anunue tena haoni sababu ya kupanda basi.

Wakati huohuo lilikuwapo swali ambalo Carter angelipenda: kuvu hii inakaa wapi hasa kabla ya kumpata mtu? Kila mtu alisema udongoni na kwenye miiba, lakini kuiotesha kutoka udongo wenyewe kulikuwa kugumu mno, kwa kuwa inakua taratibu na kuvu nyingine huifunika. Mwaka 2002 watafiti wa Sudan na Uholanzi waliacha kuiotesha na badala yake wakaitafuta kwa vinasaba vyake. Kati ya sampuli 74 za udongo kutoka maeneo yenye ugonjwa, 17 zilikuwa na vinasaba vya Madurella mycetomatis. Kati ya sampuli 22 za miiba, moja tu. Mwiba, basi, ni sindano zaidi kuliko makazi. Aliyekanyaga udongo wenye kuvu na kuchomwa na mwiba safi amejichanja mwenyewe. Uchambuzi wa vinasaba uliofuata uliiweka kuvu hii katika ukoo mmoja na ukungu unaoota kwenye samadi, na tangu hapo macho ya watafiti yameelekezwa zizini, kwenye zizi la miiba ambalo nyumba imejengwa kando yake.

Kuna fumbo linalobaki wazi katikati ya utafiti huo. Ukipima damu za wanakijiji, wengi wana kingamwili dhidi ya kuvu hii, maana yake walishakutana nayo. Wachache tu huugua. Watafiti wa Rotterdam na Khartoum wamepata tofauti za kurithi katika namna chembe nyeupe za damu zinavyofanya kazi, zinazoonekana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa majirani wao wazima. Ndugu wawili waliokulia ua mmoja, wakachomwa na miiba ya mti mmoja, hawana hatima moja.

Mei 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuiingiza maisetoma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Sudan ndiyo iliyopigania hilo. Mwaka uliofuata Khartoum ilianza utafiti wa dawa ambao kwa maisetoma ya kuvu haukuwahi kufanyika popote: wagonjwa kugawiwa kwa kura katika makundi, daktari wala mgonjwa asijue nani anameza dawa gani, na mwisho makundi yalinganishwe. Ndiyo njia ya kawaida ya kupima dawa yoyote ya shinikizo la damu. Kutoka Gill wa Madurai mpaka siku hiyo ilikuwa imepita miaka 175.

Dawa iliyopimwa inaitwa fosravukonazoli. Iligunduliwa Japani na kampuni ya Eisai, na ugonjwa ulioipatia kibali Japani mwaka 2018 ni ukungu wa kucha za miguu. Sina neno na wanaotaka kucha safi. Lakini naona inafaa kusemwa kwamba dawa bora tuliyonayo kwa kuvu inayokula mifupa ya mkulima ilipatikana kwa kuwa soko la kucha lipo. Shirika lisilo la kibiashara la kutafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, lenye makao yake Geneva, ndilo lililoomba ijaribiwe kwa maisetoma. Huko Rotterdam waliipima kwa viluwiluwi vya nondo vilivyodungwa kuvu hiyo. Kwa ugonjwa usio na fedha hata mnyama wa majaribio ni wa bei ya chini.

Wagonjwa 104 waliingia katika utafiti ule. Baada ya miezi sita walifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe uliobaki, kisha wakaendelea na dawa hadi mwaka utimie. Katikati yake Sudan ilipita katika maandamano, kuangushwa kwa Omar al-Bashir mwaka 2019, mapinduzi na korona. Utafiti haukusimama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: miongoni mwa waliofuata matibabu kama yalivyopangwa, kwa kipimo cha miligramu 200, waliopona kwa fosravukonazoli walikuwa asilimia 85, na kwa itrakonazoli asilimia 80. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema moja inaishinda nyingine. Ushindi uko kwenye umezaji: vidonge viwili kwa wiki badala ya vinne kila siku, bila sharti la chakula cha mafuta. Kwa nusu ile iliyopotea njiani, hilo ndilo walilokuwa wakilihitaji.

Wakati matokeo yanachapishwa, kituo kilikuwa kimeshafungwa. Vita vilianza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, na Soba iko kusini mwa mji, mahali palipopiganiwa. Wafanyakazi walitawanyika, wengine wakawa wakimbizi katika nchi yao wenyewe, wagonjwa wakakatika dawa. Mwaka 2025, jeshi liliporejea katika eneo hilo na watu wakaweza kuingia, Profesa Fahal alitangaza kwamba kituo kimeharibiwa kabisa, na kwamba hazina ya sampuli na kumbukumbu zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 40 imepotea. Punje zilizotolewa katika maelfu ya miguu, zilizooshwa, zikaandikwa, zikagandishwa ili siku moja zielezwe vizuri zaidi, hazipo tena. Hasara ile hainunuliki. Jengo litajengwa tena wakitokea wa kulijenga; sampuli za mgonjwa wa mwaka 1995 ambaye mguu wake ulishakatwa haziwezi kuchukuliwa upya.

Elimu yenyewe bado ipo vichwani mwa wale waliofundishwa pale, na inahitajika upande wetu. Kaskazini mwa Kenya, kwenye kaunti ya Turkana, madaktari wa upasuaji wanaofanya kazi Lodwar wamekuwa wakikuta wagonjwa wa maisetoma mmoja baada ya mwingine, wengi wao wafugaji, na idadi inapanda kadiri wanavyozidi kuwatafuta. Ardhi ni ile ile ya migunga, zizi ni lile lile la miiba. Wengi huletwa wakiwa na matundu tayari, baada ya kutibiwa jipu mara kadhaa katika zahanati za njiani. Muuguzi wa zahanati hizo hahitaji maabara kwa hatua ya kwanza. Akiletewa kijana mwenye kivimbe kigumu unyayoni, kisichouma, akamwuliza kama aliwahi kuchomwa na mwiba pale, kisha akamwandikia rufaa badala ya vidonge vya jipu, kijana huyo atafika Lodwar kivimbe kikiwa bado cha kuondolewa chote kwa mara moja, kabla hakijagusa mfupa.